Kisiki cha Kuzuia Mlango

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na hotuba nyingi. Saa inakwenda vizuri. Hotuba sikumbuki hata moja, na sidhani waliozitoa wanazikumbuka. Lakini mmoja wenu aliniuliza swali la maana wakati soda zimekwisha na watu wanatafuta viatu vyao vya kwenda nyumbani. Alionyesha kile kipande cha mti kinachozuia mlango wa chumba cha mimea usijifunge na upepo, akasema, "Madam, hii kitu tutupe? Siku hizi mlango iko na ndoano."

Nilimwambia asithubutu. Alicheka, akadhani ni uzee. Basi nimeketi hapa kwangu mtaa wa Wabera, Isiolo, nina muda kuliko nilivyowahi kuwa nao, naandika ili mjue mnachotaka kutupa. Vyeo na mishahara sitavitaja, vyote vilichelewa na havina hadithi.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya sabini. Babu yangu aliletwa Isiolo kama askari wa Mwingereza, na vita vilipokwisha akaachwa hapa hapa na medali. Baba akaingia biashara ya lori. Mimi nikaenda chuo kikuu kusomea mimea, jambo ambalo mama hakulielewa mpaka anaingia kaburini. Wageni wakimuuliza aliwaambia kwamba Saadia anasomea dawa za kienyeji, na wao walimpa pole.

Ofisi ya utafiti wa mlima ilikuwa jengo la mabati chini kwenye joto, upande wa kuelekea Burat. Mlima wenyewe ulikuwa mbali, juu ya Leparua, na tuliutazama kwa dirisha asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Baada ya hapo tuliutazama kwenye ramani ya ukutani, ambapo ulipakwa kijani kibichi na mtu wa Nairobi aliyekuwa na penseli nyingi za rangi hiyo. Mkurugenzi wetu alikuwa bingwa wa ekolojia ya milima na alikuwa na magoti mabovu. Katika miaka yake yote hapa, sehemu ya mlima aliyoijua vizuri ni pale gari linapogeuzia.

Asiyekuwa hivyo alikuwa Daktari Gitonga, mtu wa Meru, mkuu wa utafiti wa mimea. Ndiye aliyenifundisha kazi, nami nitasema hivyo mpaka mwisho, hata baada ya mengine nitakayoyasema juu yake. Siku yangu ya kwanza mlimani nilikuja na fremu ya waya ya kupimia nyasi, futi ya kamba, magazeti ya kukaushia majani, na kalamu za rangi tofauti. Aliniangalia nilivyojipamba.

"Mwari," aliniambia, maana yake binti kwa Kimeru, "umekuja harusi ama kazi? Weka hizo vitu chini. Chuchumaa."

Nikachuchumaa. Akanishika mkono, akaniwekea kidole kwenye tawi lililokatika.

"Nani alikula hapa?"

Nikasema mbuzi. Nilisema mbuzi kwa sababu vitabu vyote nilivyosoma vilisema mbuzi.

"Hujaangalia. Mbuzi anatafuna, anaacha nyuzi nyuzi. Twiga anavuta jani, tawi linabaki. Ndovu anavunja, anachuna maganda. Panga inateremka mshazari, safi, kama mtu amekata muwa. Kila kidonda kinasema jina la mwenyewe. Usiwahi kuandika jina la mtu kabla hujachuchumaa."

Sijawahi kufundishwa somo bora zaidi ya hilo, na nilifundishwa na maprofesa waliovaa joho. Kwa miaka kadhaa nilichuchumaa mlima ule mzima. Suruali zangu zilitoboka magotini, na kule Wabera wanawake wakauliza kama nimeanza kazi ya kusugua sakafu.

Sasa niwaeleze utafiti wenyewe, ambao mkurugenzi aliueleza kwa saa nzima nami nitaueleza kwa pumzi moja. Mlima ulikuwa unapoteza miti na nyasi. Tulitaka kujua kama mifugo ndiyo inayoumaliza. Kwa hiyo tulizungushia ua kiwanja kimoja ili mbuzi wasiingie, na kando yake tukapima kiwanja kingine kama hicho, wazi, tukakiwekea alama ya mawe yaliyopakwa chokaa kwenye pembe. Mifugo ikaruhusiwa kuingia hicho cha pili itakavyo. Kila mwaka unapima vyote viwili. Tofauti yao ndiyo kazi ya mifugo. Rahisi, hata mkurugenzi aliielewa.

Shida ilianza na ua. Mwanzoni ulikuwa wa waya. Waya ule haukumaliza msimu. Uligeuka bangili, mitego ya digidigi na kamba za kuanikia nguo, na kipande kimoja kizuri nilikiona kwa macho yangu kwenye banda la kuku la mpishi wa ofisi. Ndipo mkutano ukaitwa, mabingwa wakanywa chai, wakaamua kwamba tutumie ua wa miiba kama wafugaji wenyewe. Mkurugenzi aliandika ukurasa mzima kusifu ujuzi wa wenyeji. Kila mwaka kabla ya mvua ya masika, kikosi cha vibarua kilipanda mlimani kuurekebisha, na sisi tulikuwa Nairobi kwenye semina tukisoma ripoti. Tukirudi tulikuta ua mpya, mrefu, mnene, mzuri wa kupigwa picha. Wasomi wote wale, nami nikiwa ndani, hakuna aliyeuliza miiba inatoka wapi. Nadhani tuliamini inashuka na malaika.

Na matokeo yalikuwa ya ajabu. Ndani ya ua nyasi zilistawi. Nje, kwenye mawe meupe, ardhi iliisha mwaka hata mwaka mpaka ikawa kama uwanja wa mpira wa shule. Mchoro wa matokeo ulipendeza, mstari mmoja unapanda na mwingine unashuka. Ulichapishwa, ukawekwa kwenye fremu. Chini yake paliandikwa: athari za mifugo.

Wafugaji hawakutusaidia. Ukimuuliza Mturkana nani amemaliza mlima, alisema ngamia za Wasomali. Msomali alisema ng'ombe za Wasamburu. Msamburu alisema mbuzi za Waturkana, kila mtu anajua. Mborana alisema wote watatu. Mlima mzima ulikuwa umeliwa na jirani.

Aliyekuwa hajali nani amesema nini ni Akiru. Alikuwa mjane wa Kiturkana, Mkristo wa kanisa la kule Burat, na mbuzi wake ndio waliolea watoto wake. Kiangazi kikikaza alipanda nao mlimani kwenye chemchemi, kama wenzake wote, kwa sababu huko ndiko majani hubaki wakati chini kumebaki vumbi. Tulizoeana kwenye chemchemi hiyo, mimi nikisubiri gari ambalo limeharibika, yeye akisubiri mbuzi wanywe.

"Ejok, Saadia," alinisalimu kwa Kiturkana. "Bado unahesabu nyasi?"

"Bado."

"Na zikiisha kuhesabiwa, mbuzi yangu wanapata?"

Kule ofisini hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo.

Kisha ukaja ule ukame wa miaka ya themanini. Wazee kati yenu wanaujua, na wengine waulize nyumbani. Mto ukakauka mpaka watu wakachimba mchanga wake kutafuta maji. Mizoga ililala kandokando ya barabara na fisi walikuwa wameshiba hata kukimbia hawawezi. Kila mwenye mnyama aliyeweza kutembea alimwelekeza mlimani. Na hapo hapo, kwa akili za pekee zinazopatikana ofisini, ikaundwa kamati ya kuamua kama mlima ufungwe kwa mifugo ili uokolewe. Ingekuja na wageni wa kutoka nje waliolipia utafiti wetu, waone viwanja, wasikie wataalamu, waamue. Wageni wakiridhika, utafiti ungeendelea. Wasiporidhika, tungefunga duka. Hilo kila mtu alilijua, hata mpishi.

Mwaka huo gari la watafiti lilikuwa limekufa kabisa, kwa hiyo nilipanda mlimani na lori la vibarua wa ua. Ndiyo mara ya kwanza mtaalamu yeyote wa ofisi yetu alikuwepo siku ya kazi hiyo. Nilikuwa juu kidogo nikikusanya mbegu niliposikia mapanga, nikateremka. Msimamizi wao, Ekai, mtu mpole asiyependa maneno, alikuwa ndani ya mawe meupe na watu wake. Walikuwa wanaangusha migunga ya mwisho iliyobaki, wanaikokota kwa miiba yake mpaka kwenye ua. Kila tawi lilipopita lilikwangua udongo kama reki.

"Ekai! Mnakata wapi?"

Akasimama, akafuta jasho. "Hapa, madam."

"Hapa ni kiwanja cha utafiti! Huoni mawe?"

"Mawe tunaona, madam. Hiyo tunakalia wakati ya chai." Akaniangalia kwa huruma. "Daktari alisema tusikate ndani ya boma hata kijiti. Hatujakata. Hii ni nje."

"Mmekata hapa tangu lini?"

"Tangu waya ipotee. Ndio karibu."

Nilikaa juu ya jiwe la chokaa. Ekai alidhani nimeshikwa na jua, akanipa maji. Alikuwa ametii agizo lake barabara, tena kwa uaminifu ambao sikuwahi kuuona kwa wakubwa wake. Kwenye nchi ile kavu nyasi za kwanza huota chini ya kivuli cha mgunga. Ondoa mgunga, kwangua udongo, ngoja mvua moja, na kitakachobaki ni kile tulichokitia kwenye fremu. Tulikuwa tumepima kazi ya mapanga yetu wenyewe miaka yote hiyo na kuiandikia jina la mbuzi. Sisemi mbuzi ni malaika, wanakula kama nilivyosomeshwa. Nasema tu kwamba kutokana na viwanja vile hakuna mtu duniani angeweza kujua wamekula nini.

Nilirudi mjini na lori lile lile, nikaenda moja kwa moja kwa Daktari Gitonga na vumbi langu. Nilimweleza yote. Nilitegemea atavaa kofia na kusema twende. Aliinuka, akafunga mlango.

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Vizuri. Ngoja wageni waondoke."

"Wageni wanakuja kufunga mlima, Daktari."

"Mwari, hii ofisi ikifungwa, nani atachunga huo mlima? Mkurugenzi? Tukipata miaka mingine, tutaweka waya, tutapima upya, tutasahihisha. Polepole. Lakini ukivunja nyumba leo, hakuna pa kusahihishia."

"Na wenye mifugo watakula nini huku tukisahihisha?"

Alianza kunoa penseli ambayo tayari ilikuwa kali. Nikatoka, nikamwendea mkurugenzi. Huyo alinisikiliza vizuri sana, akaniambia kwamba tofauti hiyo ni ndogo kitaalamu. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa msitu mzima.

Wageni walikuja wakiwa wamevaa kofia mpya zenye kamba kidevuni. Mkurugenzi akawaongoza mpaka pale gari linapogeuzia, kisha kwa mara ya kwanza katika historia akalazimika kutembea. Wafugaji walikuwa wameitwa wasikilize, wakakaa upande mmoja juani, Akiru akiwa mbele na fimbo yake. Daktari Gitonga alieleza viwanja kwa sauti nzuri. Ndani, nje. Wageni wakapiga picha ya ndani, wakapiga picha ya nje, wakatikisa vichwa kwa masikitiko.

Nikamwita Daktari. Niliita kwa adabu, mbele ya wote, kwa sababu faraghani nilikuwa nimemaliza.

"Daktari, naomba uchuchumae hapa."

Nilikuwa nimesimama karibu na kisiki kibichi cha mgunga, ndani ya mawe meupe. Utomvu ulikuwa haujakauka vizuri. Mkato wake ulikuwa mshazari, safi, kama mtu amekata muwa. Hata mwanafunzi wa wiki moja asingeukosea.

Akaja. Nikaona kwamba anajua ninachofanya, na kwa dakika ile nilimpenda kama baba, kwa kuwa alichuchumaa. Aliweka kidole juu ya kile kidonda, akakipitisha polepole mpaka ukingoni, kama alivyopitisha changu siku ya kwanza. Mkurugenzi akakohoa. Mgeni mmoja akauliza kwa Kiingereza ni nini hicho.

"Nani alikula hapa, Daktari?" nikauliza.

Akainuka, akapangusa magoti.

"Mbuzi," akasema.

Mkalimani akawatafsiria wageni na mgeni mmoja akaandika. Wafugaji wakatazamana, maana wale watu wamezaliwa na panga mkononi na mbuzi mlangoni, wanajua tofauti. Halafu Akiru akasimama.

"Daktari, samahani. Mimi sikusoma. Hiyo mbuzi ilishika panga na mkono gani?"

Wafugaji walicheka mpaka wengine wakalala chini. Wasomali, Wasamburu, Waturkana, walioshindwa kukubaliana jambo lolote mwaka mzima, walicheka pamoja. Vibarua wa Ekai walicheka pia, kisha wakakumbuka kazi zao wakaacha. Wageni walitabasamu, wakauliza mama amesema nini, na mkurugenzi akawajibu kwamba anawakaribisha.

Mlima ulifungwa. Wageni waliridhika na utafiti ukaendelea. Kama mnadhani ukweli ukisemwa kwa sauti mbele ya watu hushinda, bado hamjahudhuria vikao vya kutosha. Askari waliwekwa njiani na wafugaji wakarudishwa chini kwenye vumbi na wanyama wao wakati chemchemi inatiririka juu bila wa kuinywa. Sikuacha kazi. Niliandika upinzani wangu, ukawekwa kwenye faili, na faili likawekwa mahali. Lakini kile kisiki nilimwomba Ekai anikatie chini, nikakibeba mpaka ofisini na kukiweka mlangoni, pale ambapo kila anayeingia chumba cha mimea lazima akivuke.

Mwaka uliofuata tukapima tena. Hakukuwa na mbuzi hata mmoja mlimani. Waya haukuwa umekuja, basi ua ulirekebishwa kwa miiba kama kawaida. Kiwanja cha nje kikawa kibaya kuliko wakati wowote. Mnadhani walishtuka? Ripoti ilieleza kwamba kuna mifugo inayoingizwa kwa siri gizani, na ikaomba askari zaidi. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nilitaka kuhakikisha kwamba binadamu mwenye macho ameiandika.

Daktari Gitonga alihamishiwa Nairobi baadaye. Siku ya kuondoka alipita chumba cha mimea kuniaga. Alisimama mlangoni, akainama, akakiinua kile kisiki. Akakigeuza, akaangalia ule mkato. Nikaacha kazi yangu nikangoja. Neno moja tu lingetosha, na ningemsindikiza mpaka kituoni nikimbebea sanduku.

"Hakina wadudu," akasema. "Umekitunza vizuri, mwari."

Akakirudisha chini kwa uangalifu, akaenda. Aliniumiza yule mzee. Mkurugenzi hakuweza kuniumiza, kwa kuwa hakuwahi kujua kitu. Yeye alijua.

Akiru sikumwona tena kwa muda mrefu. Nilisikia kwamba mbuzi wake walikufa mmoja mmoja chini ya mlima, wakiutazama. Siku moja ukame ulipokwisha, kabla Daktari hajahamishwa, nilikuwa sokoni, upande wa makaa, nikasikia jina langu. Alikuwa ameketi kati ya magunia, mweusi wa masizi mpaka kope, na panga limelazwa kando yake. Nyuma ya Burat, karibu na alipoishi, miti ilikuwa imeanza kwisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliandika jambo hilo wiki ileile, na nilikuwa sijajua bado niandike ni kazi ya nani.

Nikamsalimu. Nikamuuliza watoto, akasema wanakula. Nikataka kusema neno juu ya mlima na nikakosa pa kuanzia. Yeye hakukosa.

"Saadia," akasema, "ukienda ofisi mwambie Daktari ile mbuzi yake iko hapa sokoni."

Akalichukua panga kutoka chini, akaliinua nilione vizuri.

"Mwambie inashika na mkono ya kulia."